Siku Bibi wa Taifa Alipozungushiwa Kanga

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani yoyote. Aliyekuwa akiichora alinyang'anywa kalamu kabla hajamaliza mpaka wa kusini. Kwa hiyo msomaji wangu, ukiona mahali fulani panafanana na kwenu, fikicha macho kisha uendelee kusoma. Mimi nilizaliwa huko, na kwa miaka kumi na tisa nilikuwa Afisa Habari Msaidizi, Daraja la Tatu, wa Shirika la Ndege la Taifa. Shirika lina ndege moja. Maafisa habari tuko kumi na wanne.

Ndege yetu ilinunuliwa ikiwa imeshatumika na nchi fulani, ambayo nayo iliinunua ikiwa imeshatumika na nchi nyingine. Ilitengenezwa zamani hizo abiria wakivuta sigara angani bila kuulizwa, na visahani vya majivu bado vimo kwenye viti. Ina miaka hamsini na minne. Imewabeba marais watatu wakiwa hai na mmoja akiwa marehemu, na wote ilitua nao salama, kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kulalamika. Mvua ikinyesha, abiria wa safu ya tisa hugawiwa miavuli kwa heshima zote.

Tatizo letu lilikuwa Fundi Chiku Nandonde. Huyu alikuwa mkaguzi wa ndege, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya taratibu na ugonjwa mmoja ulioshindikana kwa madaktari wote wa Serikali: akiona kitu, anasema amekiona.

Januari alifungua kifuniko kilicho tumboni mwa ndege, pale bawa la kushoto linapoungana na kiwiliwili, akamulika tochi kwenye mhimili unaolishika bawa. Akaona ufa wa vidole viwili. Akachukua penseli nyekundu, akaweka alama kwenye ncha zote mbili za ufa, akaandika tarehe, maana mafundi hufanya hivyo ili wajue kama ufa umetulia au unatembea. Machi akafungua tena. Ufa ulikuwa umeziacha alama nyuma, vidole viwili na nusu. Mei ulifika vitatu. Hapo ndipo akafanya kosa la kuandika barua.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka, jambo ambalo ofisini kwetu lilihesabiwa kuwa utovu wa nidhamu. Alisema ndege inaporuka mabawa hupinda kwenda juu, inapotua hurudi chini, na kwamba anayetaka kuelewa achukue waya wa kutundikia nguo, aukunje na kuukunjua mara nyingi, atazame kinachotokea. Alisema ufa ukifika vidole sita bawa litaachia. Likiachia angani, aliandika, hakuna atakayerudi kusimulia. Ndege isiruke mpaka mhimili ubadilishwe.

Serikali yetu ni sikivu. Ilijibu ndani ya siku tisa.

*

Jibu lilitoka kwenye Gazeti la Serikali. Ndege ilikuwa imepandishwa cheo. Kuanzia siku hiyo jina lake lilikuwa Bibi wa Taifa, na ilipewa haki zote za mwanamke mtu mzima.

Waziri wa Anga, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Kanali Mstaafu Ndimbwelu, alisimama chini ya bawa lile lile la kushoto, kilemba cha dhahabu kichwani, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Nani hapa hana bibi? Nyoosha mkono! Hakuna! Sasa nani kati yenu alishawahi kumtazama bibi yake mzaa mama akamwambia, bibi, una nyufa? Mtoto wa namna hiyo si angechapwa? Zile si nyufa, ndugu zangu. Ni mikunjo ya hekima! Wenzetu wasio na malezi wakiona ndege imezeeka wanaitupa jangwani, wanaikata vipande, wanauza vyuma. Bibi yao! Vyuma! Sisi tumelelewa!"

Makofi yalipigwa mpaka njiwa wa uwanjani wakahama. Na mimi nilipiga, kwa nguvu kuliko wote, maana hotuba niliiandika mimi. Hiyo "mikunjo ya hekima" ni maneno yangu mwenyewe. Nayasema leo kwa aibu, lakini siku ile niliona nimepatia kweli kweli.

Masharti yakafuata. Abiria akifika mlangoni pa ndege lazima ainame kidogo, aseme "Shikamoo, Bibi." Kipaza sauti kilichofungwa juu ya mlango kinamjibu, "Marahaba, mjukuu wangu, pita taratibu." Sauti ni ya mke wa Katibu Mkuu, aliyeshinda usaili akiwa peke yake. Mgeni mmoja kutoka ng'ambo alipita bila kusalimia, akateremshwa ngazi zote aanze upya, na safari ikachelewa saa mbili akifundishwa kutamka. Kuomba mwavuli kukaitwa kumsengenya Bibi.

Kifungu cha nne ndicho kilichotungwa kwa ajili ya Chiku. Kilisema hivi: ni marufuku kwa mtu yeyote kumfunua Bibi tumbo. Siku hiyo hiyo kifuniko kikapigwa muhuri wa lakiri, na askari mwenye bunduki akawekwa kando yake.

*

Chiku akakata rufaa. Eti jamani, rufaa! Aliitwa mbele ya Kamati ya Kudumu ya Mikunjo, wajumbe saba, wanaume watupu, watano kati yao hawajawahi kupanda ndege kwa sababu za kiafya. Mimi nilikaa pembeni nikiandika kumbukumbu.

"Binti," alianza Waziri kwa upole mkubwa, "wewe una bibi?"

"Nilikuwa naye, Mheshimiwa. Amefariki."

"Pole. Sasa niambie, ulishawahi kumfunua nguo?"

Wajumbe wakacheka, mmoja akapaliwa na chai. Chiku alisubiri wamalize.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Alipougua nilikuwa namwogesha. Nikamkuta na kidonda mgongoni. Wajomba zangu walikuwa wanakuja kila Ijumaa, wanakaa mlangoni, wanasema mama anapendeza, mama ana nuru. Hakuna aliyetaka kuona mgongo. Kidonda ndicho kilichomuua."

Nasikia mpaka leo feni ya chumba kile ikizunguka. Kisha Katibu wa Kamati akakohoa, akasema kidonda cha marehemu bibi wa mtumishi hakimo kwenye ajenda, na Kamati ikaazimia kwa kauli moja kwamba Bibi wa Taifa hali, hanywi dawa na haumwi.

"Basi nipeni ruhusa nimtazame hata kwa kufumba jicho moja," akasema Chiku. "Kuna watu wanapanda mle. Kila siku wanapanda!"

"Wanapanda kwa mapenzi," Waziri akamjibu. "Wewe unataka kuwatia hofu. Hofu ndiyo inayoangusha ndege."

Nikaandika hivyo hivyo.

*

Ikafika Desemba, Jubilei ya Taifa. Serikali ikatangaza safari maalumu ya Bibi kwenda mkoa wa kaskazini, abiria mia moja na kumi na wawili waliochaguliwa kwa uzalendo wao: walimu, wauguzi, wakulima bora, na kikundi cha akina mama wakunga wastaafu waliokuwa wapewe nishani huko huko.

Lakini kulikuwa na mwiba. Sheria moja ya zamani, iliyosahauliwa kufutwa kwa sababu faili lake lilipotea, ilisema safari maalumu haiondoki bila saini ya mkaguzi wa ndege. Wakaguzi walikuwa watatu. Mmoja alikuwa ameteuliwa ghafla kuwa balozi kwenye nchi isiyo na uwanja wa ndege. Wa pili aliugua, na daktari wake aliandika kwamba atapona ndege ikishatua. Akabaki Chiku.

Wakamletea cheti cha safari uwanjani, saa nne asubuhi, bendi ikipiga, jua likichoma, mabalozi wakijipepea kwa ratiba. Meza ilifunikwa kitambaa cha rangi za bendera. Waziri mwenyewe akamkabidhi kalamu.

"Saini, binti. Taifa linakutazama."

"Nifungulieni kifuniko kwanza, Mheshimiwa."

"Kifungu cha nne."

"Basi sisaini."

Waziri alitabasamu kwa ajili ya kamera, akainama, akamnong'oneza. Mimi nilikuwa karibu, nikasikia. "Usiposaini nakufunga kwa kumvunjia heshima mzee. Miaka saba. Na ndege itaruka tu. Mimi nitasema saini ilikuwepo. Umefaidi nini?"

Chiku akaiweka kalamu chini. "Nitakuwa sijawaua mimi," akasema, na yeye hakunong'ona.

Askari wawili wakamshika. Waziri akanigeukia. "Afisa Habari! Tangaza abiria wapande!"

Nikashika kipaza sauti, nikatangaza. Ndiyo, nilitangaza. Niliogopa.

*

Mstari ukaanza kusogea. Wa kwanza kabisa alikuwa Bi Siwema, mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mji wetu, Waziri akiwemo, ingawa Waziri hapendi hilo litajwe. Alipanda ngazi akihema, akafika mlangoni, akainama vizuri kama ilivyoagizwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu, pita taratibu," kikasema kipaza sauti.

Bi Siwema hakupita. Alisimama pale pale, mkono kiunoni. "Mjukuu wako? Mimi nina miaka sabini na sita. Wewe hamsini na nne. Tuanze upya, wewe ndiye uniamkie mimi."

"Marahaba, mjukuu wangu, pita taratibu," kikarudia.

Watu kwenye mstari wakaanza kucheka. Bi Siwema akageuka, akatazama chini, akamwona Chiku katikati ya askari.

"Wewe mwanangu, umefanya nini?"

"Nimekataa kusaini, mama. Bawa lina ufa. Nimeomba kumtazama tumbo, wamekataa."

"Wamekataa kwa nini?"

Waziri akadakia. "Kwa heshima, Bi Siwema! Tumbo la Bibi halifunuliwi hadharani!"

"Sawa kabisa," akasema Bi Siwema. "Hadharani halifunuliwi."

Akashuka ngazi moja moja, akitweta, akafika chini. Akafungua kanga yake ya juu, akaikung'uta. "Haya jamani akina mama! Mwenzetu anaumwa, na wanaume wamejaa hapa wanatoa macho. Tumsitiri!"

Nani asiyejua jambo hili? Mwanamke akishikwa na uchungu sokoni au njiani, wanawake hawaulizani. Kila mmoja anavua kanga, wanashikana, wanamzungushia mwenzao ukuta, na aliye mwanamume anageuza uso. Ndivyo ilivyokuwa. Wakunga wakavua kanga, wauguzi wakafuata, walimu wakafuata, mke wa balozi mmoja akatoa mtandio wake. Kabla bendi haijamaliza ubeti, tumbo la Bibi wa Taifa lilikuwa limezungukwa pande zote, kanga za kila rangi zimeshikwa juu, na yule askari wa kulinda kifuniko akatolewa nje kwa kusukumwa na makalio.

"Zishusheni hizo!" Waziri akafoka. "Askari! Bomoa!"

Koplo mmoja kijana akasogea na rungu. Mama aliyeshika kona ya kanga akamtazama, akamwita kwa jina. "Mzomoka. Gusa uone."

"Shangazi, nimeagizwa..."

"Umeagizwa uchungulie mwanamke mwenzangu? Mama yako anajua?"

Mzomoka akatazama viatu vyake. Wenzake wakatazama vyao. Wale wawili waliomshika Chiku nao wakatazama vyao, na kwa kuwa mtu hawezi kutazama viatu na kushika mfungwa kwa pamoja, Chiku akapita katikati, akainama chini ya kanga, akaingia.

Waziri alisimama nje, kilemba kimepinda. Kuingia hakuweza. Kifungu cha nne alikitia saini yeye mwenyewe.

Nje hatukuona kitu. Tulisikia tu lakiri ikipasuka, bisibisi ikizunguka, na sauti ya Chiku ikihesabu skrubu. Zilitakiwa ziwe kumi na mbili. Alihesabu saba, akasema, "Hizi nyingine ni bigijii iliyotafunwa, imepakwa rangi." Kisha mwanamke mmoja ndani akasema, "Yesu wangu."

Bi Siwema akatoka. Uso wote ulikuwa umebadilika, kile kicheko sikukiona tena. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Waziri, akamwinulia mkono wa kulia usoni.

"Ona kidole changu. Kimeingia mpaka kifundo cha kwanza. Chiku amepima, ufa ni vidole vitano na nusu, na yeye anasema bawa linaachia kwenye sita. Mimi nimetia mikono hii kwenye matumbo ya wanawake miaka arobaini. Najua kitu kinachokaribia kufunguka. Nilikupokea wewe kwa mikono hii hii, ukaja umenyongwa na kitovu, nikakufungua. Leo unataka kutuua?"

"Bi Siwema, tafadhali, mabalozi..."

"Mabalozi wapande wao! Mimi sipandi. Na hakuna atakayepanda!"

Na hakuna aliyepanda. Walimu walikaa chini kwenye lami ya moto, wakulima bora wakakalia mabegi yao. Rubani akateremka, akavua kofia, akaomba nafasi kwenye kivuli cha kanga, wakamnyima kwa kuwa ni mwanamume, akakaa juani na wenzake. Mtu mmoja akaanza kuimba wimbo wa taifa, na Waziri ikambidi asimame wima, mikono ubavuni, mpaka mwisho. Walipomaliza wakauanza tena. Wakauimba mara kumi na moja.

*

Mnadhani Serikali ilishindwa? Hamuijui. Baraza likakutana kwa dharura na kutoa maamuzi mawili. La kwanza: yaliyoonwa na wanawake nyuma ya kanga ni mambo ya kike na hayapokelewi kama ushahidi. La pili: ndege imeondoka.

Taarifa ya habari ya saa saba mchana ilieleza jinsi Bibi wa Taifa alivyopaa kwa madaha, na ile ya saa kumi jinsi alivyotua kaskazini huku wananchi wakibubujikwa na machozi. Tulikuwa tumekaa uwanjani tukiisikiliza kwenye redio, ndege ikiwa mita thelathini kutoka tulipo. Abiria wakapewa amri ya maandishi kwamba, kwa kuwa wameshafika kaskazini, hawaruhusiwi kuonekana mjini. Wengine walirudi nyumbani kwa miguu na kukutana na jirani zao wakiwapungia redio kwa mshangao. Akina mama hawakwenda popote. Walishika kanga zao kwa zamu, wakileteana uji, na hawakumruhusu mtu wa mafuta wala wa trekta la kuvuta ndege kusogea. Chiku alijitokeza mwenyewe, akajisalimisha ili wasipate kisingizio cha kuwavamia akina mama, akafungwa kwenye chumba cha polisi cha uwanja wa ndege.

Siku ya sita nikatumwa kwake na karatasi. Ilikuwa ile ile, cheti cha safari, tarehe ya Jubilei.

"Fundi," nikamwambia, "mambo yameisha. Safari imeshafika salama, wanataka saini ya kufungia faili tu. Haimdhuru mtu. Ukisaini unatoka sasa hivi, unarudi kazini. Mwenzio nina ruhusa ya kukufungulia mlango."

Aliisoma yote, mbele na nyuma. Alikuwa amekonda. Mdomo ulimpasuka kwa homa.

"Wewe ndiye uliyeandika ile mikunjo ya hekima?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo. Nikatamani sakafu inimeze.

"Ulipoiandika, ulidhani itamdhuru mtu?"

"Sikudhani, fundi. Yalikuwa maneno tu."

"Basi ndiyo hivyo." Akanirudishia karatasi bila kuikunja. "Leo nikisaini ya ndege ambayo haikuruka, mkono wangu utakuwa umeshajifunza. Mwezi ujao mtaniletea ya ndege inayoruka. Waambie sitaki. Waambie nimesema kwa kelele."

Nikairudisha kwa Waziri. Hakukasirika, nashangaa mpaka leo. Alinikaribisha kiti, akaniagizia chai, akasema mimi ni mtu wa kalamu, kijana mwenye akili, nimeona mwandiko wa Chiku kwenye mafaili miaka mingi. Je, siwezi kumsaidia kidogo? Saini ni mchoro tu.

"Naweza, Mheshimiwa," nikamwambia. "Hata sasa hivi naweza. Lakini simwekei mtu saini. Na ile hotuba naifuta, andika jina langu, mimi ndiye niliyesema uongo. Ile ndege ni mbovu. Ni mbovu, Mheshimiwa! Mbovu!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilisikia makarani koridoni wameacha kupiga taipu.

Sasa chumba changu cha mahabusu kinapakana na cha Chiku. Haya nayaandika nyuma ya fomu za kuripoti mizigo iliyopotea, na Koplo Mzomoka huyatoa nje kwenye kofia yake. Kutoka kwenye dirisha dogo naiona ndege, iko chini, na akina mama wameizunguka. Abiria wote mia moja na kumi na wawili wako hai kwa sababu hawakupanda. Hilo nalo tumepigwa marufuku kulitangaza.